Mama Aliponiita Katikati ya Maombi

Aibu niliyoipata Jumapili, sijui niifiche wapi. Mimi ndiye fundi wa kompyuta kanisani kwetu mtaani Lucky Summer, ambako kengele siku hizi hupigwa na kompyuta kupitia spika. Nyumbani nina kanda yenye sauti ya marehemu mama akiniita jioni, enzi zile majirani walipokezana wito ploti hadi ploti mpaka umfikie mtoto uwanjani. Nikatamani kuisikia tena kwenye spika za kanisa, saa kumi na mbili jioni tu, kanisa likiwa tupu.

Nikainakili kwenye kompyuta, nikafungua faili la mipangilio ya kengele, nikaandika regex, yaani kanuni ya kutafuta na kubadilisha maandishi, ili sauti ya mama ichukue nafasi ya kengele ya saa hiyo. Kwa ujuaji wangu, mahali pa kutaja saa nikaweka nukta na nyota, yaani saa yoyote ile. Wala sikukagua.

Jumapili saa nne, kengele ikikaribia kulia, pasta katuomba tunyamaze mbele za Bwana. Spika zikanguruma: "Kioko! Wewe Kioko! Njoo uoge, miguu yote matope!"

Mwanamume mzima na kipara changu, nikainama nikijifanya natafuta Biblia. Nyuma yangu Mama Atieno, jirani yetu wa tangu utotoni, akainuka akapaza sauti vilevile kama zamani:

"Kioko, si unaitwa kwenu!"