Pazia la Sanduku la Breka

Mama Pindo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuna pindo lake lililowahi kufumuka. Mumewe naye alikuwa na jina, ila hilo alijipa mwenyewe: Injinia. Chuo cha uinjinia alikiingia mara moja, alipokwenda kufunga feni ya ofisini, na tangu siku hiyo ukimwita fundi tu haitiki. Alikuwa mtu wa maneno mengi na bisibisi moja. Akiulizwa jambo la umeme asilolijua, alicheka kwanza ndipo akajibu, na kicheko kile kilikuwa na uhakika kuliko jibu.

Alikufa kwa ugonjwa wa kawaida tu, kitandani, jambo ambalo majirani waliliona kama kuwavunjia heshima, maana wote walikuwa wamejiandaa kusikia amefia juu ya nguzo. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakamtazama mjane. Mjane hakulia. Walimtazama tena baada ya chakula. Bado. Shangazi mmoja wa marehemu alihamisha kiti akakaa mbele yake kabisa, kama mtu anayesubiri mpira uanze, na mwishowe akaondoka amenuna. Mama Pindo hakuwa akiringa. Alijipapasa ndani kutafuta kilio kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia, na hakuna kitu kilichomchoma. Wageni walipopungua alirudi kwenye cherehani.

Nyumba yenyewe Injinia aliifungia umeme wa jua kwa mikono yake. Paneli zilikaa juu ya bati. Koridoni, chini, kulikuwa na betri kubwa kama sanduku la safari. Juu yake inveta, ile mashine inayougeuza umeme wa betri ufae kwa pasi na taa. Na pembeni kisanduku cha plastiki chenye breka, viswichi vinavyojiangusha vyenyewe umeme ukizidi. Vyote viliegemezwa kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta huo alilala mama mkwe, mama mzazi wa Injinia, ambaye hakuweza kuinuka wala kujigeuza bila kushikwa, lakini ulimi wake ulikuwa na afya kuliko mtu yeyote mle ndani.

Breka ya betri ilikuwa na tabia yake. Pasi ikiwashwa wakati cherehani inakwenda, ilijiangusha, tak, nyumba ikanyamaza. Injinia alimfundisha mkewe dawa: ipandishe. Ikikataa, subiri kidogo, ipandishe tena. Alisema inadeka tu. Baada ya mazishi Mama Pindo aliendelea na dawa hiyo hiyo. Kila mchana cherehani ilipozima aliinuka, akaichukua rula yake ya mbao, akaisukuma breka juu, akarudi kukaa. Hakuwaza chochote. Alifanya hivyo kama anavyokata uzi kwa meno.

Kisanduku kikaanza kuota doa la kahawia pembeni, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Mtu mwingine angeita fundi. Mama Pindo alikuwa mshonaji, kwa hiyo alikishonea pazia. Alichukua kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la mteja, juu akatia lastiki, chini akapiga marinda. Waliokuja kutoa pole walilisifia sana. Mmoja aliuliza kama anapokea oda.

Siku moja akakuta pazia lina tundu la duara, ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeusi. Alilitazama. Alilivua, akalitia kiraka kwa mshono safi, ua likakutana na ua, akalirudisha mahali pake. Halikupita juma, tundu lingine. Alikuwa amesimama koridoni na kiraka cha pili mkononi aliposikia sauti kutoka nyuma ya mbao.

"Mwanangu, nani anapiga pasi nailoni?"

"Hakuna, mama."

"Basi ni mimi ninaungua. Njoo uniangalie."

Alikwenda akamkagua mgongo, shuka na godoro. Mama mkwe alikuwa mzima, ila alitaka kugeuzwa. Mama Pindo aliporudi koridoni ndipo alipoliona jambo lenyewe, na aliliona kwa akili tu, moyo ukiwa umelala: mahali anaposhonea maua pana moto, nyuma ya moto kuna ubao, na nyuma ya ubao kuna mtu asiyeweza kukimbia. Hakuogopa. Alitamani aogope, ingekuwa rahisi zaidi. Alizima kila kitu, akampigia simu Kinyonga.

Kinyonga alikuwa fundi umeme wa mtaa wa nyuma, na waliomwita hivyo hawakumwonea. Akinyoosha mkono kuchukua koleo, unaweza kwenda dukani kununua chumvi ukarudi bado mkono uko njiani. Injinia alimfanya kichekesho kila kijiwe; alisema Kinyonga akifunga taa jioni, kunakucha kabla haijawaka. Kwa hiyo habari kwamba mjane amemwita mtu yule yule ilimfikia shemeji mkubwa kabla Kinyonga hajamaliza kufungua mkoba wake, ingawa kusema kweli, kwa mtu kama Kinyonga, habari haikuhitaji hata kukimbia.

Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, alikuwa karani mstaafu na mwenyekiti wa kamati yoyote iliyokuwa na viti. Aliwakuta koridoni. Kinyonga alikuwa ameshachomoa waya za betri na kufungua kisanduku, na ndani breka ya Injinia ilikuwa imeyeyuka ubavu, imelegea kama mshumaa wa jana. Kinyonga alieleza taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Breka ile ni ya umeme wa nguzo, wa serikali. Umeme wa nguzo unakwenda na kurudi, na kila unapogeuka kuna nukta unapumua. Hapo breka inaukata. Umeme wa betri haupumui. Ukiukata kwa breka isiyo yake, unaruka ule mwanya na kuwaka kama moto wa kuchomelea vyuma. Betri inatakiwa breka yake maalumu, na fyuzi nene karibu na kichwa cha betri, ya kukatika yenyewe mambo yakiharibika. Fyuzi hiyo haikuwapo. Injinia alikuwa ameunga waya moja kwa moja na kuizungushia utepe mweusi kwa ustadi mkubwa.

Shemeji alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Kisha akamvuta mjane pembeni, yaani hatua moja, maana korido haikuwa na pembeni nyingine. Alimweleza kwamba hili si suala la waya, ni suala la jina. Marehemu aliwafungia watu umeme mtaa mzima. Kinyonga akitoka hapa na breka iliyoyeyuka mfukoni, kesho kila mtu atafungua kisanduku chake, na keshokutwa ukoo mzima utaitwa ukoo wa wachoma nyumba. Alipendekeza suluhu ya kikamati: vifaa vipya vifungwe, sawa, lakini kazi ya marehemu iachwe ukutani kama ilivyo, bila waya, kwa heshima. Pazia libaki.

"Ukuta huu ni mbao, nawasikia," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Mwanangu huyo mnayemlindia jina, alipokuwa mdogo alikuwa akivaa viatu kinyumenyume, cha kushoto kulia. Ukimwambia, anacheka, anasema nyie ndio mmekosea miguu."

Kinyonga akainama haraka kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya jambo kwa haraka.

"Mama, tunazungumza mambo ya heshima," shemeji alisema.

"Na mimi nazungumza nikiwa nimelala hapa."

Mama Pindo alitazama breka. Alingoja kuona kama kitu kitamzuia, hasira au mapenzi au hata aibu. Alisikia tu jokofu la jirani likinguruma.

"Alikosea," alisema.

Shemeji akakohoa.

"Alikosea, shemeji. Toa yote, fundi."

Ikabaki shida moja. Injinia hakuweka swichi ya kuzikata paneli, aliona ni upotevu wa swichi, na jua lilikuwa kali; huwezi kuliambia jua lizime. Kinyonga alisema zifunikwe na kitu kizito. Mama Pindo akatoa jora la kitambaa cha kaki, la suruali za wanafunzi, na shemeji mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama bure, akajikuta juu ya ngazi na suti yake, akitandikia bati kama anayemtandikia mgeni. Walipita watu. Aliwaeleza kwamba anasimamia.

Kazi ilichukua mchana wote, na ilistahili. Walimbeba mama mkwe na godoro lake hadi sebuleni, na Kinyonga akahamisha betri na inveta kutoka kwenye ule ukuta wa mbao akaziweka upande wa pili, kwenye ukuta wa tofali, juu ya bamba la zege. Akafunga fyuzi. Akafunga breka za betri, na swichi ya paneli. Akamwita Mama Pindo apandishe mwenyewe. Akapandisha. Taa ikawaka, kaki ikashuka kutoka juu ya bati, na breka ikabaki juu.

"Ikianguka usiirudishe," Kinyonga alimwambia. "Iache. Ina sababu yake. Niite."

"Sawa."

Mama Pindo alimwambia shemeji, aliyekuwa akijipangusa vumbi la bati, awapitie wote ambao marehemu aliwafungia umeme, ili waite fundi wafungue visanduku vyao. Shemeji aliuliza atawaambia nini sasa.

"Hivyo hivyo nilivyosema."

Walimrudisha mama mkwe chumbani. Wanaume wakaenda zao, Kinyonga akiwa nyuma. Mama Pindo alimlaza ubavu kama kawaida, mgongo ukielekea ukutani, akamtia mto katikati ya magoti, akageuka kutoka.

"Mmefanya nini huu ukuta?" mama mkwe aliuliza.

"Tumehamisha mashine, mama."

"Ulikuwa na joto. Nilikuwa naegemeza mgongo hapa." Akauonja ubao kwa mabega. "Nilidhani mwanangu kaniwekea mimi. Nikasema, angalau hili kalifanya vizuri."

Mama Pindo alirudi sebuleni akawasha pasi, akasubiri ishike moto. Alichukua kipande cha flaneli, akakikunja mara nne, akakipiga pasi upande huu na upande ule mpaka joto likapenya kote. Breka haikuanguka, taa ya inveta ilibaki ya kijani. Akakipeleka mbio kabla hakijapoa, akakisokomeza nyuma ya mgongo wa kizee yule, kati yake na ubao.

"Hivi?"

"Shusha kidogo."

Akashusha.

"Hapo," mama mkwe alisema. "Kikipoa nitakuita."

"Niite, mama," alisema, akarudi kwenye pasi, hakuizima.