Nilivyomwombea Mkamwana Wangu Apumzike kwa Amani

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia, na jinsi mlivyoisikia siyo (kuna mtu pale Mandewa anasema nilitumbukia kwenye sufuria la pilau, uongo, sufuria lilikuwa nyuma ya nyumba), basi bora mnicheke kwa nilichokifanya kuliko kwa nilichozushiwa. Nimechoka kukanusha.

Mnajua nina sukari, miaka sasa. Pale hospitali wakatuita baadhi yetu, wakatueleza kuna utafiti wa dawa mpya, nusu yetu tutapewa dawa yenyewe na nusu tutapewa vidonge vinavyofanana nayo ambavyo havina kitu ndani, na hata wao wanaotupa hawajui nani kapata kipi. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka na miguu kufa ganzi, nimechoka na kiu isiyoisha, nikasema wacha nijaribu. Nesi akanisisitizia: "Mzee, zile dawa zako za zamani usiziguse mpaka tukwambie. Ukijisikia vibaya, piga simu." Nikaitikia vizuri kama mtoto wa shule.

Tatizo ni kichwa changu. Siku zikaenda, sioni tofauti, vidonge havina uchungu wala harufu, nikajiaminisha kwamba mimi nimeangukia upande wa wanaomeza chaki. Mke wangu, Mama Yona, akasema niulize. Niulize nini, na wenyewe wamesema hawajui?

Ikafika siku ya kupeleka posa ya mwanetu Yona, Kintinku, kwa kina Pendo. Nilitaka niwe imara siku hiyo, mimi ndiye baba, tena mzee wa kanisa, lazima wataniambia niombe. Asubuhi gari ya kukodi inapiga honi nje, Mama Yona ananiita, mimi chumbani nikameza kidonge cha utafiti halafu (hapa ndipo nilipoharibu) nikatoa dawa ya zamani nikameza juu yake. Chai sikunywa, watu wananisubiri mimi tu.

Kintinku walitupokea vizuri, tukasalimiana, tukakaa. Ila pale chakula hakiletwi mpaka mazungumzo yaishe, na mazungumzo hayaishi, mshenga wetu anapenda kuongea, wazee wao nao wanapenda kuongea, jua linapanda, harufu ya pilau inakuja, na mikono yangu imeanza kutetemeka. Shati limelowa chapachapa. Nikaona aibu kuomba hata andazi. Mwanamume mzima umekuja kuomba binti, unaomba andazi?

Walipokubaliana, mjomba wake Pendo akasimama: "Baba Yona, wewe ni mtumishi. Tubarikie watoto."

Nikasimama. Hapo nakumbuka. Mengine nimesimuliwa. Pendo alikuwa amepiga magoti mbele yangu, kajifunika kitenge kichwani, katulia kimya, na kichwa changu, ambacho siku hizi kinakwenda zaidi makaburini kuliko harusini, kikaamua kuwa pale ni msibani.

"Bwana, tunamrudisha kwako binti huyu," nikaomba kwa sauti nzito. "Umempenda kuliko sisi. Mpumzishe kwa amani, na wafiwa uwatie nguvu."

Kuna waliojibu amina (mazoea ni kitu kibaya). Kisha shangazi yake akapiga yowe: "Anamzika mtoto wetu!" Mjomba akadakia: "Mzee wa kanisa gani huyu? Kalewa!" Mimi nikageuka kumfariji mama wa marehemu, yaani mama yake Pendo, mkwe wangu, ambaye kwa heshima hata kumsogelea natakiwa nijiulize mara mbili, nikamwegemea begani, nikalia.

Yule mama hakunisukuma. Kumbe marehemu mume wake naye alikuwa na sukari, amemuuguza yeye. Akaninusa mdomo mbele ya watu wote, akasema, "Hanuki pombe. Hili ni jasho la baridi, sukari imemshuka. Leteni soda, upesi."

Akili iliporudi nilikuwa nimelowa soda kifuani na Yona amekaa pembeni, kainamisha kichwa. Hakunitazama. Hiyo iliniuma kuliko yowe la shangazi. Nikawaeleza wote ukweli, utafiti, vidonge, kila kitu, lakini wazee wao wakasema posa isimame kwanza, maneno ya mauti yametamkwa juu ya binti. Tukaondoka, pilau hatukuigusa. Njia nzima Mama Yona alisema kitu kimoja tu: "Ungeniambia."

Kesho yake nikaenda kwa nesi. Hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akafikicha macho, naye kachoka kama mimi, akasema, "Mzee, ungekufa."

"Kwa hiyo vidonge vyangu ni vya kweli?"

"Hata mimi sijui, mzee wangu."

Baadaye walituita tena Kintinku. Safari hii aliyeomba ni mchungaji wao, mimi nikawekwa karibu na mlango. Lakini kabla mazungumzo hayajaanza, mama yake Pendo alipita katikati ya wazee na sahani ya viazi vitamu, akaniwekea mapajani, akasimama pale pale mpaka nimalize. Nikatafuna, ukoo mzima unanitazama. Ndipo nikasikia mtu anacheka, nikainua macho, ni Yona.

Posa imepita, harusi inakuja. Dawa sichanganyi tena, na sala za kwenye shughuli za watu nimewaachia wengine. Mimi siku hizi nikialikwa mahali, ninachoomba ni chai.