Programu ya Teta Iliyoondoka Kabla ya Majibu

Binti yangu Teta aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2004, akiwa na miaka kumi na miwili, amebeba sufuria na viatu vya kaka yake. Kaka yake, Irakiza, tulipotezana naye njiani tulipokimbia kutoka Uvira, Kongo. Viatu vile Teta alivivaa mpaka vikambana, nami sikumkataza.

Mwaka uliofuata nilikwenda siku moja kutafuta kuni. Siku hiyohiyo karani wa barua alisoma majina pale Base Camp, penye ofisi za kambi. Jina langu, Mukamazimpaka, aliliita mara tatu. Jirani yangu Nyirabahire alikuwapo, lakini barua ilitolewa kwa mwenye kadi ya jina hilo peke yake. Ikarudishwa ilikotoka, na hakuna aliyejua nani aliiandika.

Tangu hapo, kila siku ya barua nilikaa pale tangu asubuhi. Shamba langu la Kashojwa, humo kambini, likaota majani. Teta alipokua, akapata kazi mjini Mbarara na kupanga chumba mtaa wa Kakiika, aliniomba nihamie kwake. Nikakataa. Hakuniuliza sababu.

Kazi yake ilikuwa kwenye ofisi ndogo ya watu wa makanisa wanaotafuta ndugu waliopotezana. Orodha ya majina ilikaa Kampala, kwenye kompyuta kubwa wanayoiita seva, na Teta ndiye aliyeandika programu ya kuiuliza. Programu ya kwanza iliuliza jina moja, ikasimama kungoja jibu, ndipo iulize la pili. Mtandao ulikuwa mzito, siku nzima ikaisha kwa majina arobaini. Mwaka 2014 akapata kwenye intaneti kile wanachokiita maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ya kuzungumza na seva bila kusimama.

“Mama, hii haikae kungoja,” aliniambia nilipomtembelea ofisini. “Inatuma maulizo yote, inaendelea na kazi yake. Jibu ikikuja, itaitwa.”

Alianza na jina la Irakiza. Mwenzake Kabanda, Mkongo kama sisi, akavuta kiti. Majina mia sita yalitumwa kabla sijamaliza kukunja kitenge changu. Kisha kioo cha kompyuta kikaandika kwamba kazi imekwisha. Majibu: sifuri.

Kabanda akasema seva imekufa. Teta akapiga simu Kampala, wakamwambia seva ni nzima na maulizo yote yamefika. Akarudia. Sifuri tena.

“Basi habako mu orodha,” alisema polepole. “Hata mumoja.”

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kompyuta siijui. Lakini nilikuwa nakitazama kile kioo, na kwa mtandao ule kazi iliisha haraka mno.

“Teta, maulizo yakishaenda, nani anabaki pale kupokea?”

“Programu yenyewe, Mama.”

“Si imesema imemaliza? Imekwenda kutafuta kuni.”

Teta akaisoma upya programu yake. Kabanda akacheka, akasema, “Mama, kuja ukae mu kiti yangu.” Teta hakucheka. Aliongeza mstari mmoja, wa kuiamuru programu isiondoke mpaka jibu la mwisho lirudi.

Majibu yakaanza kuingia, bila kufuata foleni. Aliyeulizwa wa mia tatu alijibiwa kabla ya wa kumi. Watu saba walipatikana, na Kabanda akawa anasoma majina yao kwa sauti kama mtu wa kanisani. Irakiza, aliyeulizwa wa kwanza, alijibiwa karibu na mwisho. Hakuna mtu wa jina hilo.

Teta akapanga liulizwe tena kila asubuhi, maana orodha huongezeka. Mimi niliporudi Base Camp nilimwendea karani wa barua, nikamwomba aandike namba ya Teta kando ya jina langu. Barua ikija nami sipo, asiirudishe, apige simu. Aliandika palepale. Nikamuuliza kama jambo hilo lingewezekana tangu zamani.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Hukuuliza.”

Sasa naishi Kakiika. Asubuhi Teta akishatoka, nahesabu mwendo wake hadi ofisini, nikijua jina la Irakiza linakwenda Kampala. Viatu viko chini ya kitanda changu, namba thelathini na nane. Alikuwa na miaka kumi na minne tulipopotezana. Sijui mguu wake umefika namba ngapi.