Gari Lililozimika Langoni kwa Baba

Juzi nikijaza mafuta hapa Don Mills, Toronto, mkono uliachia wenyewe kabla tangi halijajaa. Nilipoingia ndani ya gari, mshale ulikuwa robo tangi. Nilishtuka, kwa sababu hayo yalikuwa mazoea ya baba, na baba alifariki nikiwa na miaka tisa.

Nairobi alikuwa akinyonywa mafuta ya gari usiku mpaka akakoma kujaza. "Ukijaza, unamjazia mwizi," alizoea kusema, hata tulipohamia huku Flemingdon Park, ambako gari letu lililala chini ya ghorofa nyuma ya geti la chuma. Mama aliporithi gari, alirithi na robo yake.

Tulimzika Toronto, na nyanya hakutusamehe. Alipiga simu kutoka Kenya, sauti ikikwaruza: "Mwanangu hajalala. Mmemlaza kwenye barafu, naye anataka nyumbani."

Miezi michache baadaye gari likaanza vituko. Kila Jumapili tukitoka kanisani, chapati za moto mapajani mwangu, injini ilikohoa mara mbili na kuzimika karibu na lango la makaburi. Pale pale, kwake. Taa ziliwaka, redio iliimba, ila injini kimya. Tulikaa nusu saa vioo vikifunga ukungu, kisha gari likawaka kana kwamba halikufanya kitu. Mwanzoni mama alisali. Baadaye akawa anamsalimia baba kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Lakini usinihurumie, mimi nilipapenda pale. Niliamini baba anatusimamisha atuone. Mama ndiye aliyekuwa akikonda. Siku moja nilimsikia kwenye simu akiuliza kaburi hufukuliwa vipi.

Jirani wa ghorofa ya tisa, dereva wa teksi aliyekuwa fundi wa magari Mwanza, alisikia habari hizo akapanda nasi Jumapili moja. Gari lilipozimika langoni, alimwambia mama afungue swichi bila kuwasha, akainama kwenye kiti cha nyuma, sikio juu ya tangi.

"Sikiliza, shemeji. Pampu ya mafuta ingekuwa inavuma hapa. Iko kimya."

Akashuka, akalala kwenye theluji na koti lake zuri, akaligonga tangi kwa kisigino cha kiatu. Chini yangu kitu kikavuma. Gari likawaka.

"Hii pampu inakaa ndani ya petroli, na petroli ndiyo inaipoza," alisema akijipangusa. "Nyie mnaiacha kavu. Ikifika hapa imeshachemka, inazima. Ikipoa, inarudi. Marehemu hayumo humu."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Pampu ikabadilishwa, tangi likajazwa pomoni. Jumapili iliyofuata tulipokaribia lango, nilifumba macho nikamwomba baba, mara moja tu, asimamishe. Gari likapita. Mama akaanza kuimba, wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu msiba. Nililia mpaka nyumbani, naye akadhani ni njaa, akanimegea chapati.

Nyanya hayupo tena, jirani alihama, gari lilishakuwa vyuma chakavu. Watu wakiniuliza baba alifariki lini, huwatajia siku iliyoandikwa kwenye cheti. Ila mimi nilimpoteza Jumapili ile, katika gari zima lisilokohoa.