Basi la Breki na Mashine ya Mkewe

Abiria ndio waliompa jina la Breki, kwa sababu alikuwa akikanyaga breki kabla hatari haijajionyesha. Aliendesha mabasi ya masafa marefu maisha yake yote ya kazi. Mkewe alikuwa kiwandani, kwenye chumba cha kusokota pamba, na kila Breki aliporudi alimsimulia milima aliyopanda na madaraja aliyovuka. Mke alisikiliza huku akikohoa. "Iko siku utanipeleka," alimwambia. Siku hiyo haikupatikana. Mmoja akiwa likizo, mwenzake yuko zamu.

Walipostaafu, vumbi la pamba lilikuwa limeshamaliza mapafu ya mama. Akawa anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda usiku na mchana. Mrija wake ulimfikisha jikoni na kibarazani, basi. Breki aliona mkewe anavyosimama pale kibarazani, ameishika nguzo, anatazama barabara. Akanunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati na sinki. Halafu akamwita binti yao, fundi umeme anayefunga sola kwenye nyumba za watu.

"Mwanangu, humu nataka umeme kama wa nyumbani," alisema, akipigapiga bodi. "Taa, friji, televisheni, feni, birika la chai. Na mashine ya mama yako."

Binti alimtazama. "Mashine ya Mama umeitaja mwisho, Baba."

"Mwisho au mwanzo, si yote yatakula jua hilohilo?"

"Ndiyo maana naogopa. Jua lenyewe hatulipangii sisi. Daktari amemruhusu kusafiri mradi mashine isizimike na mbebe mtungi wa oksijeni wa akiba. Na wewe unaniambia habari za televisheni."

Walivutana siku hiyo na zilizofuata. Binti alitaka paneli zifunike paa lote. Baba alitaka aache nafasi ya kidirisha cha hewa. Binti alitaka betri mbili. Baba akasema moja kubwa inatosha, basi lisije likalemewa kwenye milima. Mara nyingine walikaa pande mbili za basi, kila mtu amenuna na kikombe chake. Mwishowe binti alichoka, akafunga kama baba yake alivyotaka, lakini kwa sharti moja: mama ajaribu kukaa humo siku nzima hapohapo uani, kabla gurudumu halijazunguka.

Siku ya majaribio mbingu zilikuwa nzito tangu asubuhi. Mama alilala kwenye kitanda cha basi, mashine ikinguruma miguuni pake, uso umechangamka kama wa msichana anayekwenda harusini. Mtungi ulikuwa umeachwa sebuleni. Mchana mvua ikashuka kwa kishindo. Binti akatoka na mwavuli kwenda kukagua waya za paa. Breki, kwa kumhurumia mkewe kwa baridi ile, akajaza birika, akabonyeza swichi.

Birika lilivuta umeme kupita kiasi, kila kitu kikazimika kwa mpigo. Feni ilisimama, na mashine ikaanza kupiga mlio mkali, mrefu.

"Baba! Umewasha nini?" binti alipiga kelele kutoka nje.

 Breki alikuwa ameduwaa, mkono bado uko kwenye birika. Mama alikwisha kaa kitako, ameshika godoro kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, midomo inaanza kubadilika rangi. Binti alitupa mwavuli, akakimbilia ndani ya nyumba, akarudi amekumbatia mtungi, ameteleza matopeni goti likachubuka. Koki ya mtungi iligoma mara ya kwanza. Mara ya pili ikafunguka. Akamvisha mama mrija, akampulizia maneno sikioni: "Taratibu, Mama. Vuta. Vuta tena."

Ilichukua muda kabla mabega hayajatulia. Mvua ilikuwa bado inapiga bati la paa.

"Naliuza," Breki alisema.  "Kesho naliuza hili dude."

Mama alinyanyua mkono kumtaka angoje. Alipopata pumzi ya kusema, alisema kidogokidogo: "Ukiliuza, mimi ndiye nitakayerudi kibarazani. Si wewe." Akameza mate. "Mmebishana wiki nzima kuhusu basi. Hakuna aliyeniuliza. Anayepumua ni mimi. Anzeni na mimi. Kikibaki kitu, ndiyo muwashe taa."

 Binti aling'oa alichofunga, akaanza upya. Mashine ikapewa betri yake na inveta yake ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, mbali kabisa na vitu vingine, ili hata mtu akiunguza mengine yote, yenyewe isitikisike. Kidirisha cha hewa kikahamia ubavuni ili paneli zienee paani. Televisheni na birika vikarudi nyumbani. Chai ingechemshwa nje ya basi, kwa jiko la gesi, mbali na oksijeni. Mtungi ukafungwa kwa mikanda kichwani pa kitanda, na wa pili pembeni yake.

Wakajaribu tena, wakasubiri kwa makusudi siku za mawingu. Binti hakula vizuri siku hizo. Alikaa kwenye ngazi ya basi akitazama namba za betri zikishuka. Zilishuka, zikashuka, lakini hazikufika pabaya.

Mume na mke waliondoka asubuhi moja, Breki akiendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha na abiria. Binti alipiga simu kutwa.

"Betri ikoje, Mama?"

"Betri nzima. Niulize na mimi."

"Wewe je?"

"Baba yako alikuwa ananidanganya," mama alijibu, akipumzika kati ya maneno. "Hii milima ni mikubwa kuliko alivyosema."

Hawakuwa na haraka ya kurudi. Mawingu yakizidi, Breki aliegesha, akazima friji, akakaa kando ya mkewe mpaka jua litoke.