Nilivyowakalimania wataalamu wa software kule Meru, wanakijiji wakachimba msingi

Wakuu, heshima zenu.

Hiki kisa kimenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Mkishamaliza kukisoma mtaona hakuna mtu mwenye akili anayeweza kujitungia aibu ya namna hii.

Nimeona vijana humu mnabishana namna ya kupanga programu, microservices na monolith, mpaka mnatukaniana wazazi. Nikakumbuka mazungumzo yangu ya kwanza kabisa na wataalamu wa mambo hayo.

Ilikuwa Arusha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Soko huria limeshakolea. Kahawa iliyokuwa inanunuliwa na chama cha ushirika tu, sasa kila mwenye gari na mzani anapanda mlimani kuinunua, na kila mzani una ukweli wake. Simu za mkononi ndiyo zinaingia. Mwenye nayo anaivaa kiunoni kama askari na pingu zake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta.

Msicheke. Nilikuwa nafundisha Word na Excel kwenye chumba cha kupanga kule Elerai. Kompyuta zenyewe chache, na baadhi zilikuwa za kujaza meza tu, haziwaki. Lakini nilikuwa na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na kijijini kwetu, huko juu Meru kwenye migomba na kahawa, mimi ndiye nilikuwa "mtu wa kompyuta". Baba yangu alikuwa ananitaja kwenye vikao vya usharika hata ajenda ikiwa ni paa la kanisa.

Sasa, kikundi cha wakulima wa kahawa pale kijijini kikapata mradi. Watengenezewe mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi ya kahawa ya kila mwanachama, wakusanye pamoja, wauze wenyewe bila kupitia walanguzi. Kwa wazee wale lilikuwa jambo kubwa. Walishachoka kupunjwa.

Wakaja wataalamu wawili. Mmoja Hendrik, Mholanzi mrefu mpaka anainama kuingia kila mlango, yeye ni software architect, yaani mpangaji wa muundo wa programu. Mwingine Sujata, mama mmoja kutoka India, mwandishi wa programu, mtu wa kusikiliza kuliko kuongea. Kiswahili chao wote wawili kiliishia kwenye "jambo".

Akatakiwa mkalimani anayejua kompyuta. Baba, ambaye alikuwa mjumbe wa kikundi, akasema, "Ya nini kutafuta mbali?"

Nikaitwa hoteli moja mjini kuonana na wageni. Nimevaa tai.

Hendrik akaniuliza, "Unafahamu iterative development?"

"Sana," nikajibu.

"Na modular architecture?"

"Hiyo ndiyo naipenda zaidi."

Wakuu, sikuwa najua hata moja. Nilikuwa nasikia "architecture" naona ghorofa. Sujata aliniangalia kidogo juu ya miwani yake, akaendelea kukoroga chai. Mpaka leo naamini alishanijua.

Basi tukapanda kijijini. Mkutano ukafanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Nnko, akafungua kwa sala. Baba amekaa mbele kabisa, na koti la Krismasi.

Hendrik akasimama. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba yeye ni architect, kwamba wataanza na msingi imara, kisha watajenga module moja moja, yaani kipande kimoja kimoja cha programu, na kila module wanachama watakuja kuikagua. Akasema wenyewe wasiposhiriki tangu mwanzo, chote kitaanguka.

Mimi huyo, kifua mbele:

"Mgeni wetu ni mchora ramani za majengo ya kompyuta. Anasema tunaanza na msingi. Msingi imara! Halafu kitajengwa chumba kimoja kimoja, na kila chumba mtakuja kukikagua. Na msiposhiriki wenyewe, jengo litaanguka."

Makofi.

Hendrik akafurahi kuona anaeleweka. Akaongeza kasi. Akasema kutakuwa na server moja, yaani kompyuta kuu itakayohudumia kila mtu, inayofanya kazi mchana na usiku, ila inahitaji kukaa mahali penye ubaridi.

Nikasema, "Kutakuwa na mhudumu mmoja wa kuwahudumia wote. Hali, halali, ila anataka chumba chenye ubaridi."

Mama mmoja akanyoosha mkono. Huyu ni Mama Anaeli, mkulima hodari, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni. "Huyo mhudumu ameshapatikana, au nafasi bado iko wazi?"

Nikamuuliza Hendrik kama server imeshapatikana. Akasema bado, wataangalia inayofaa.

"Nafasi iko wazi," nikamjibu mama.

Hapo hapo mtu mzima mwenye masikio angesimama. Mimi nikaendelea. Hendrik akasema mfumo utatumia Windows. Neno hilo nalijua, nalifundisha kila siku! Lakini nilishanogewa, nikataka kuonyesha Kiswahili sanifu. Nikasema, "Na lazima jengo liwe na madirisha."

Bugs je, yale makosa ya programu? "Hata tukimaliza, wadudu hawatakosekana." Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, "Dawa tunayo, tutapuliza."

Tulipotoka baba alinishika bega mbele ya watu wote. Alikuwa anatabasamu tu. Tukaandaliwa loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, nikala kama bwana harusi.

Wataalamu wakaenda kuzungukia vijiji vingine. Mimi nikarudi Elerai kwa wanafunzi wangu. Kijijini hakukuwa na simu, kwa hiyo sikujua lolote linaloendelea huko.

Wiki kadhaa baadaye tukapanda tena. Tunakata kona ya mwisho, nasikia watu wanaimba. Ni nyimbo za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Nikawaambia wageni, kwa maringo, "Hawa watu wetu ni wachapakazi sana. Sijui leo wanatengeneza barabara."

Gari likasimama.

Wakuu, nilichokiona pale bado nakiona.

Msingi. Umechimbwa, umenyooshwa kwa kamba. Mawe meusi ya mlimani yamerundikwa kama kichuguu. Mchanga umemwagwa na lori. Wanaume na majembe, kina mama na ndoo za maji. Mpwa wa Mama Anaeli, binti aitwaye Rehema, ameletwa kutoka Kikwe, amesimama pembeni na gauni jipya la kitambaa cheupe. Ndiye mhudumu.

Na kiwanja chenyewe ni shamba la baba. Alikuwa ameng'oa mistari ya kahawa ya pale barabarani, ile iliyopandwa na babu, ili jengo la kompyuta la mwanaye lipate pa kukaa. Mashina yalikuwa bado yamelala kando, mizizi juu.

Mnaojua ardhi ya Meru ilivyo ya kugombaniwa, mnajua kung'oa kahawa ya babu ni nini.

Mzee Nnko akaja ameshika futikamba. "Mwambie mgeni msingi uko tayari. Tunaomba ramani."

Hendrik naye anashangaa. "Pazuri sana hapa. Wanajenga nini?"

Nikamjibu Hendrik, "Store."

Nikamgeukia Mzee Nnko. "Anasema ni pazuri."

"Na ramani?"

"Anasema... ni pazuri sana."

Sujata alikuwa amenitazama muda wote. Akaja karibu, akaniuliza taratibu, bila ukali, "Ulipowaambia architecture, uliwaambia ni kitu gani?"

Nikamweleza yote kwa Kiingereza cha kukatika. Ramani, vyumba, mhudumu, madirisha. Hendrik akanisikiliza mdomo wazi, akawatazama wale watu na majembe yao, akakaa chini juu ya mawe.

Halafu akasema, "Waambie ukweli."

Wakuu, nani amewahi kujikalimania aibu yake mwenyewe? Nikawageukia.

"Wageni wanasema... hakuna jengo. Mfumo wenyewe unakaa ndani ya kompyuta. Hauonekani."

Majembe yakatua chini, moja baada ya jingine.

"Sasa nani alisema kuna jengo?" akauliza Mzee Nnko.

"Mkalimani."

Baba akauliza kutoka nyuma, "Mkalimani gani?"

"Mimi, baba."

Alisogea taratibu mpaka mbele. Hakunitazama, alimtazama Hendrik. "Muulize mgeni. Kahawa yangu niliyoing'oa, kwenye hiyo kompyuta yao inarudishwaje?"

Nikatafsiri neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza iliyo sahihi.

Hendrik alisimama, akavua kofia, akasema yeye pia ana kosa. Maneno yale ameyasema nchi nyingi, watu wote wanaitikia kwa kichwa, hajawahi kujiuliza wanasikia nini. Nikatafsiri hilo nalo. Baba akaguna, akaenda kukaa kwenye mashina ya kahawa yake.

Nilifikiri tutafukuzwa. Wengine walishaanza kuokota majembe. Mzee mmoja akasema vijana wa mjini ni hasara tupu, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Sujata ndiye aliyeokoa siku. Alikaa chini kati ya kina mama akaniambia, "Tunaanza upya. Neno lolote usilolielewa, nisimamishe. Usione haya."

Nikamsimamisha. Jamani, nilimsimamisha! Kila sentensi. "Module ni nini?" "Database ni nini?" Mbele ya watu walionipigia makofi. Mtu wa kompyuta hajui kompyuta. Jasho linanitoka na upepo wa mlimani unavuma.

Lakini kikatokea kitu. Hendrik alipojaribu kueleza database, ile hifadhi ya rekodi, bila maneno ya vitabuni, alizunguka, akarudi nyuma, akakwama. Sujata akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, "Niulizie tu, kahawa ikitoka shambani inaenda wapi?" Nikauliza. Wakaanza kueleza wote kwa mpigo: nani anachuma, nani anabeba, wapi mzani unadanganya, nani anaugua na kahawa yake inachanganywa na ya jirani. Walieleza mpaka jua likageuka. Sujata alikuwa anauliza, mimi natafsiri, hakuna aliyetaja architecture tena.

Mfumo ukaja kweli, baada ya miezi. Mdogo, kwenye laptop moja. Rehema ndiye akafundishwa kuutumia, na aliumudu kuliko mimi. Kwa hiyo mhudumu alipatikana. Na msiniulize kama nilimuoa. Nilijaribu bahati yangu, akasema anaogopa nitamtafsiria vibaya watoto.

Ulifanya kazi misimu kadhaa, wakauza kahawa yao kwa pamoja, mizani ya walanguzi ikapungua njiani. Halafu mradi ukaisha, laptop ikafa, asipatikane wa kuifufua. Ndiyo biashara ya software ilivyo.

Na ule msingi? Wanachama walikaa wakasema mawe yameshabebwa, hayarudi mlimani. Wakajenga ghala la kukusanyia kahawa. Lina chumba cha ubaridi, na madirisha makubwa kupita kiasi, kwa sababu fundi aliambiwa madirisha ni lazima.

Baba alinikasirikia muda mrefu. Salamu nilipewa, maongezi hapana. Nilikuwa nakwenda kila Jumapili baada ya ibada kumsaidia kupanda miche mipya nyuma ya ghala, tunachimba mashimo bila kuongea. Siku moja akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe chake. Nikajua yameisha.

Mimi baadaye nikasoma kweli, na mpaka leo nakula kwa kazi hii ya programu. Nimekaa na wataalamu wengi, nimeshiriki mifumo mingi. Karibu yote imezimwa, imebadilishwa, au mteja alikimbia. Ghala liko wima, limejaa kahawa.

Baba sasa ana umri wake. Akipita pale na mgeni, anasimama, anagonga ukuta kwa fimbo, anasema, "Hii ndiyo software ya mwanangu."

Nilichojifunza: neno usilolielewa liulize hapo hapo, hasa kama umeitwa kwa sababu watu wanaamini unalijua. Aibu ya kuuliza inaisha kabla chai haijapoa. Ile nyingine inachimbiwa msingi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu aliitikia kwa kichwa kwenye kikao bila kuelewa, na ilimgharimu nini? Semeni bila kuogopa, sifa ya kumcheka mtu hapa mimi sina.