Siku Tisa kwenye Basi la Watalii

Binti yangu wa kwanza alipoenda Ujerumani kusomea uuguzi, mimi nilikuwa bado nafundisha darasa la nne hapa Voi. Miaka saba baadaye, nikiwa nimestaafu, alipiga simu Jumapili moja baada ya ibada akaniambia nianze kushughulikia pasipoti. Alikuwa amenilipia safari. Tungepanda basi la watalii, sisi wawili na wageni wengine wapatao arobaini, tukiwa na kiongozi wa kutueleza mambo, tupite nchi nne kwa siku tisa tukiangalia miji ya kale: makanisa, ngome, kuta, na madaraja yaliyojengwa na watu waliokufa zamani sana.

Nilimuuliza tutakaa kwake siku ngapi. Akasema tutaona.

Mume wangu alifurahi kuliko mimi. Aliwaambia majirani, akawapigia ndugu zake kule Mwanda, akawa kila akienda sokoni anarudi na mtu wa kunipa mkono wa heri. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa waliniombea na kuniagiza picha. Mimi nilikaa miezi miwili nikifuma vitambaa vya makochi, vyeupe vyenye ukingo wa samawati, maana mama haendi kuona nyumba ya mwanawe mikono mitupu.

Binti yangu alinipokea uwanja wa ndege wa Munich. Alikuwa amekonda. Tulilala hoteli ya karibu, na asubuhi tukapanda basi. Nilipomuuliza kwani kwake ni mbali kutoka pale, alisema ni saa moja kwa treni, ila ratiba haituruhusu.

Basi lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Viti laini, choo nyuma, vioo vikubwa visivyofunguka. Kila mtu alipewa kiti chake, na kiti hicho ndicho chako mpaka siku ya mwisho. Kiongozi alikuwa mama mrefu mwenye mwavuli wa njano. Alitugawia vidude vya kuvaa shingoni vyenye waya wa sikioni, ili hata tukiwa mbali naye tumsikie. Sauti yake ilikaa ndani ya sikio langu kutwa nzima. Masanduku nje ya mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai saa moja. Basini saa mbili kasoro dakika kumi. Mji huu dakika tisini, ule saa mbili, msichelewe tafadhali.

Siku ya kwanza ilinipendeza. Tulisimama kwenye daraja la mawe huko Regensburg, nikagusa jiwe lake na kufikiria mikono iliyolikata. Siku ya pili tukawa Praha. Kufikia siku ya tatu makanisa yote yalikuwa yamegeuka kanisa moja. Nikitaka kukaa ndani kidogo niombe, sauti iliniambia tutoke. Nikipenda dirisha fulani, mwavuli ulikuwa umeshapinda kona. Tulikuwa tunafika kila mahali bila kuwa mahali popote.

Mzee mmoja wa kiti cha mbele aligeuka kuniuliza natoka wapi. Nikamwambia Voi. Akafurahi sana, akasema amewahi kufika, ameona ndovu wekundu wa Tsavo. Nilimuuliza kama alipita mjini. Akasema hapana, hawakushuka garini isipokuwa hotelini, juu kule mlimani. Nikakumbuka yale magari ya watalii yanayopita kwetu yameinuliwa paa, na nyuso zimepangana madirishani. Nilipokuwa mtoto niliwaonea wivu. Sasa nilikuwa mmoja wao, na sikuona cha kuonea wivu.

Kila nilipoleta habari ya nyumba yake, binti yangu alibadilisha mazungumzo. Nilimuuliza ana makochi mangapi, maana vitambaa nilikuwa nimekadiria tu. Akasema, "Tutayaona tukifika, Mama." Akavaa waya wake wa sikioni ingawa kiongozi alikuwa hasemi kitu.

Siku ya tano tulifika mji mdogo wa Ucheki uliozungukwa na mto, wenye ngome juu ya mwamba. Tulipewa dakika sitini za kutembea wenyewe. Binti yangu akaenda foleni ya choo, mimi nikashuka kichochoro kinachoelekea mtoni. Huko nikaona ukuta mfupi, na nyuma yake bustani. Mzee alikuwa anapalilia vitunguu. Jembe lake lilikuwa na mpini mrefu kuliko yetu, lakini jinsi alivyoinama, akaokota jiwe na kulitupa kando ya tuta, niliijua. Baba yangu alikuwa akipalilia hivyo hivyo kwenye matuta yetu kule milimani.

Nilitoa waya sikioni. Yule mzee aliponiona akainua mkono, nami nikainua wangu. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimwonyesha kwa vidole kwamba vitunguu vimebanana, vingine ving'olewe. Akacheka, akang'oa kimoja akanipa. Nikakaa juu ya ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, hakuna aliyeniambia tuondoke.

Nilishtuliwa na mbio za viatu juu ya mawe. Alikuwa binti yangu, anahema. Basi lilikuwa limenisubiri dakika ishirini na tano. Tulipopanda, watu wote walinyamaza na kuangalia mbele, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kama wangenikaripia. Kiongozi alitabasamu tu, akafanya alama kwenye karatasi yake.

Jioni, kabla ya chakula, binti yangu alifunga mlango wa chumba chetu cha hoteli akaniambia nikirudia hivyo watatuacha.

"Afadhali watuache," nilimwambia. "Mimi sikuja kuona ngome. Nimekuja kuona unapoishi."

Alikaa kwenye kitanda chake.

"Kwangu hakuna pa kukulaza, Mama," alisema. "Nina chumba kimoja, juu ya makao ya wazee ninapofanya kazi. Wageni hawaruhusiwi kulala. Hii safari ina hoteli kila siku. Ndiyo maana niliichukua."

Nikamwambia muuguzi hawezi kukosa nyumba.

"Mimi si muuguzi. Nilifeli mtihani wa mwisho, mara mbili. Nafua. Nafua shuka za wazee."

Naona aibu kuandika nilichofikiria kwanza. Sikumfikiria yeye. Niliwafikiria akina mama wa kanisa, na miaka yote niliyosimama mbele yao nikisema mwanangu muuguzi. Kisha nikamtazama mikono, ngozi ya vidole imepauka na kupasuka, nikaenda kukaa kando yake. Aliniomba kitu kimoja tu, nisimwambie baba yake. Nikakubali.

Zilibaki siku nne. Tulikwenda Vienna, tukaenda Budapest, tukarudi. Ningeweza kudhani basi lingekuwa jepesi baada ya ukweli, lakini lilizidi kubana. Hatukuweza kuzungumza, watu wako mbele na nyuma. Kwenye kila kanisa alinipiga picha, na kwenye kila picha nilitabasamu, kwa sababu Voi walikuwa wanangoja. Mume wangu alijibu kila moja: "Hongera sana, mama watoto."

Siku ya mwisho, basi lilipotushusha Munich mchana, nilimwambia anipeleke kwake. Tulipanda treni. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja na jiko dogo la umeme, vyote vimepangwa vizuri. Nililaza kitambaa kimoja kwenye kiti na kingine mezani. Akanishusha chini kunionyesha mashine, kubwa kama matangi ya maji, na jinsi wanavyokunja shuka watu wawili. Tulikunja chache pamoja. Alinisahihisha pembe.

Nyumbani, mume wangu aliuliza nyumba ya mtoto ikoje. Nikamwambia ni ndogo lakini safi. Kanisani nilipewa dakika kumi, nikaeleza habari za madirisha ya rangi na daraja la mawe. Baadaye mama mmoja alinishika mkono, akaniomba binti yangu amsaidie wa kwake kupata nafasi ya uuguzi huko. Nikasema nitamuuliza. Ameshaniuliza mara tatu tangu wakati huo, na mara zote tatu nimesema bado.

Binti yangu sasa hunipigia saa ya mapumziko yake, mashine zikinguruma nyuma. Zamani tulikuwa tunasalimiana na kukata. Siku hizi ananiambia ni mzee gani amefariki, mgongo unamuuma wapi, msimamizi amesema nini. Juzi aliniambia amejiandikisha tena kufanya ule mtihani. Kabla sijajibu akaniomba nisimwambie mtu.

Nilikuwa jikoni. Mume wangu aliuliza kutoka sebuleni ni nani huyo kwenye simu.

"Ni wa kanisani," nilimjibu, nikafunga mlango.